Kiti cha Mzizi

Mashine ilisema Zainabo Momade hana mzizi. Ilisema hivyo kwa tarakimu, kumi na tisa, na chini ya tarakimu hiyo Baraza la Uenyeji likaandika amri ya kumwondosha nchini. Asubuhi ya Jumanne, mwenyewe alipoingia ofisini kwa Wakili Kemilembe Rugaimukamu, aliiweka ile amri juu ya meza taratibu, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani, akakaa, akasubiri.

Kemilembe aliisoma mara moja. Alikuwa wakili wa wageni kwa zaidi ya miaka ishirini hapo Bukoba, na amri za namna hiyo zilikuwa zimepita mikononi mwake kiasi kwamba angeweza kuziandika usingizini. Watu walimjia na viza za kazi zilizokwisha muda, ndoa zilizotiliwa shaka, watoto waliozaliwa njiani wasio na nchi ya kuandikwa. Alijua ni mlango upi unafunguka na upi umechorwa tu ukutani. Akamwomba mgeni wake aanze mwanzo.

Zainabo alieleza bila kupandisha sauti. Alizaliwa Matemo, kisiwa cha kusini ambacho sasa hakipo tena juu ya maji. Bahari ilipokimaliza, serikali ya kwao iliwajengea watu wa visiwa vile majukwaa ya chuma baharini, na wengi wakahamia huko. Yeye hakwenda. Alisafiri bara mpaka akafika Bukoba, mwaka wa kumi na saba sasa, akapata kazi katika banda la kukaushia vanila kule Kyetema. Kibali chake cha ukaazi kilihuishwa kila kilipokaribia kwisha, mpaka sheria ilipobadilika na kumtaka akae kwenye kiti.

"Jina ni Zainabo," alisema, akionyesha mahali kwenye ile amri. "Wameandika Zainabu."

Kemilembe akalisahihisha kwa kalamu, ingawa alijua halibadilishi kitu. Kisha akamuuliza kilichotokea kwenye kiti.

"Hakikutokea kitu," Zainabo alijibu. "Ndiyo shida yenyewe."

Kiti hicho jina lake rasmi lilikuwa Kipimo cha Mzizi. Kilianza pale karatasi zilipokufa. Zilikuja mashine zilizoweza kutengeneza cheti chochote, muhuri wowote, hata picha ya bibi kizee akiapa mbele ya mwenyekiti wa mtaa kwamba huyu ni mjukuu wake, na bibi huyo hajawahi kuwepo duniani. Ikafika mahali hakuna ofisi iliyoamini ushahidi wa maandishi. Jamhuri ya Maziwa, ambamo Bukoba sasa imo, ikaamua kuuamini mwili. Anayeomba uraia anakaa kwenye kiti, anavishwa kofia yenye nyuzi laini na bangili mbili za mkononi, halafu anapitishiwa harufu, sauti na picha za mahali anapodai ni kwake. Mashine inapima mapigo ya moyo, jasho la viganja, mboni za macho, na mahali fulani ndani ya ubongo ambapo wataalamu wanasema ndipo nyumbani pa mtu palipo. Ukifika arobaini, wewe ni mwenyeji. Usipofika, unarudishwa ulikotoka.

Zainabo alipitishiwa mvua juu ya mabati, kengele ya kanisa kuu, senene wakikaangwa na kitunguu, wasichana wakiimba harusini. Alivijua vyote. Miaka kumi na saba si mchezo. Lakini mwili wake ulikaa kimya kama jiwe la kufulia.

Kemilembe akauliza kama hali hiyo ilianza siku hiyo ya kipimo. Zainabo akatikisa kichwa. Alikuwa na mtoto mmoja, Rukia, aliyezaliwa hapa hapa Bukoba. Baba yake alikwenda kaskazini kutafuta kazi, asisikike tena. Mwaka juzi Rukia akashikwa na homa ya uti wa mgongo, akafariki akiwa na miaka tisa. Amezikwa Kashai. Tangu siku hiyo, alisema, anakula kwa sababu ni saa ya kula na kulala kwa sababu ni saa ya kulala. Bandani wenzake humwambia vanila ya leo inanukia vizuri, naye huitikia ndiyo, kwa heshima.

Aliyasema haya akiwa na macho makavu kabisa, na Kemilembe aliyaandika kwa macho makavu vilevile.

*

Wiki ile Kemilembe alijaribu milango yote. Viza ya kazi isingefaa, maana amri ya kuondoshwa ikishatoka, mwajiri haruhusiwi kumwombea mtu. Ndoa hakukuwa nayo. Kulikuwa na kinga ya ugonjwa, na cheti cha daktari kwamba mteja ana ganzi ya msiba kingepatikana bila tabu. Lakini kifungu cha kinga kilikuwa na mkia mchungu. Mgonjwa asiyepimika hurudishwa kupimwa nchi aliyozaliwa, na nchi aliyozaliwa Zainabo ilikuwa majukwaa ya chuma asiyoyajua hata kwa picha. Ilibaki rufaa, yaani kukaa kwenye kiti mara ya pili.

Katika rufaa, wakili anaruhusiwa kuongeza kichocheo kimoja cha maisha ya mteja mwenyewe. Hapo ndipo Kemilembe alipojipatia jina. Aliwahi kumvusha dereva wa malori kwa mlio wa honi ya gari lake la kwanza, na mama mmoja wa makamo kwa harufu ya sabuni ya wodi alikojifungulia. Alikuwa na kipaji cha kujua mtu anashikwa wapi.

Aliyekuja na kichocheo safari hii alikuwa Byabato, wakili mwenzake wa ofisi moja, mtu mchangamfu aliyemzidi Kemilembe mwendo na kuzidiwa naye umri. Alikwenda shule aliyosoma Rukia, akaongea na mwalimu wa darasa, akarudi na sauti ya mtoto huyo iliyorekodiwa katika kipindi cha kusoma. Mama mtu hakuwahi kuisikia. Hakujua hata kama ipo.

Wakaisikiliza pamoja baada ya chakula cha mchana, mlango ukiwa umefungwa. Mtoto alikuwa akisoma hadithi ya kuku na bustani. Akajikwaa kwenye neno kunyunyizia, akalirudia, akajikwaa tena, darasa likacheka naye akacheka nao. Kisha akamwambia mwalimu kwamba mama yake anamsubiri getini, anaomba amalizie kesho.

Byabato aligeukia dirishani, akajifanya anatazama barabara. Kemilembe alichukua kalamu.

"Tutaanzia anapocheka," alisema. "Tukate baada ya neno getini. Mwili utakuwa umeshajibu."

Byabato akarudi mezani. Halafu akaeleza mpango wake. Sheria haikumlazimisha wakili kumwambia mteja kichocheo ni nini. Wala wasimwambie, alisema, kwa sababu mtu aliyefiwa akijua kinachokuja hujifunga mapema, na huyu mama tayari amejifunga kwa makufuli yote. Lakini akishtukizwa na sauti ya mwanawe, kiti kitasoma sitini, sabini. Atapata uraia siku hiyohiyo. Ataumia, ndiyo, lakini ataumia akiwa karibu na kaburi la mtoto wake, na hilo ni bora kuliko kuumia akiwa kwenye chuma katikati ya bahari.

Kemilembe hakuona kasoro katika hoja hiyo. Aliipindua huku na huku kama anavyopindua mkataba, na kila upande ulikuwa umenyooka. Kilichomsumbua kilikuwa kitu kingine. Alikuwa amesikia sauti ya mtoto aliyekufa akimtaja mama yake, na jambo la kwanza lililomjia lilikuwa mahali pa kukata. Alijipekua atafute la pili. Hakulipata.

Alimwambia Byabato kwamba atamweleza mteja. Byabato akamuuliza kwa nini, na yeye akajibu kwamba ndivyo anavyofanya siku zote, jibu ambalo wote wawili walijua si la kweli kabisa.

*

Alimkuta Zainabo bandani Kyetema, amekaa na wanawake wengine mbele ya meza ndefu, wakichambua maganda ya vanila na kuyanyoosha kwa vidole, moja baada ya jingine. Harufu ilikuwa nzito kiasi cha kukaa kooni. Wakatoka nje wakakaa kwenye benchi karibu na tangi la maji, na Kemilembe akamweleza yote bila kuficha: sauti ipo, imetoka shule, ina nini ndani yake, Byabato alitaka ifanyike nini, na kwa nini.

Zainabo alisikiliza akiwa ameangalia mikono yake, iliyokuwa imeiva rangi ya kahawia kwa kazi ile.

"Wewe umeisikia, mama wakili?"

"Nimeisikia."

"Anasema nini?"

"Anasoma. Halafu anasema unamsubiri getini."

Zainabo aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayethibitisha anwani. Ni kweli alikuwa akimsubiri getini kila siku, alisema, kwa sababu mtaa wao ulikuwa na mbwa na Rukia aliwaogopa. Sauti yake ilikuwa ileile ya siku zote, bapa, ila maneno yalitoka moja moja.

"Nikiisikia nisilie, itakuwaje?"

Kemilembe alianza kumweleza habari ya alama, na kwamba kilio si lazima, moyo ukienda mbio inatosha. Zainabo akainua mkono kidogo kumzuia.

"Si habari ya kiti. Nasema mimi. Sasa hivi sisikii kitu, lakini najiambia ni kwa sababu ya kengele na senene na mambo ya watu. Najiambia akiwa yeye mwenyewe, nitasikia. Hicho ndicho kilichobaki. Mkinipigia ile sauti nikakaa hivi hivi, nitakuwa sina tena cha kujiambia."

Alisema hataki sauti hiyo ipelekwe barazani. Hataki watu asiowajua waikate na kuipima. Ikiwa lazima aondoke, ataondoka nayo bila kuisikiliza, na siku atakayokuwa tayari, kama siku hiyo ipo, atakaa mahali peke yake. Akanyoosha kiganja. Kemilembe alikuwa na ile sauti katika kifaa kidogo ndani ya mkoba, akakitoa akampa. Zainabo akakifunga kwenye pindo la kanga, akainuka, akaomba radhi kwamba vanila haisubiri.

Njiani kurudi mjini, Kemilembe alijaribu kujionea aibu, maana alidhani huo ndio wakati wake. Aibu haikuja. Alichokiona ni kwamba amewahi kukaa mbele ya mamia ya watu akitafuta wanashikwa wapi, na hakuwahi kujiuliza yeye anashikwa wapi.

*

Jumapili mumewe, Mzee Salapion, alipika. Alikuwa mwalimu mstaafu, na tangu astaafu jikoni palikuwa pake. Walikula ndizi na samaki wakiongea mambo ya jirani anayejenga ukuta. Sahani zilipokwisha, mumewe akamuuliza kama chumvi ilitosha. Kemilembe akasema ilikuwa sawasawa.

"Sikutia chumvi," mumewe alisema. Hakuwa amekasirika. "Ilikwisha tangu jana. Nimengoja uniambie."

Akaongeza, kwa upole uleule, kwamba si mara ya kwanza, na si chumvi tu. Msibani kwa dada yake, Kemilembe alikaa akipanga nani abebe viti. Mjukuu wao alipozaliwa, alimtazama, akauliza ameandikishwa wapi. Mumewe alidhani ni uchovu wa kazi na kwamba ungepita. Kemilembe akamjibu kwamba huenda ni uchovu kweli, akakusanya vyombo.

Lakini kesho yake alikwenda ofisini na kuufungua mwongozo wa Baraza kwenye sehemu ambayo mawakili huiruka. Palikuwa na kanuni inayoitwa ya ulinganisho. Ilisema kwamba kabla ya kipimo cha rufaa, upande wa mwombaji unaweza kutaka kiti kijaribiwe kwa mwenyeji wa kuzaliwa, wa kata moja na mwombaji, jinsia moja, na umri unaokaribiana. Endapo mwenyeji huyo atashuka chini ya alama, kiti kinasimamishwa, na amri zote zilizotolewa nacho zinasubiri uchunguzi. Hakuna wakili aliyewahi kuitumia. Sababu ilikuwa kanuni iliyofuata, fupi kuliko zote: matokeo ya kiti ni matokeo, awaye yote aliyekikalia.

Zainabo alikuwa wa kata ya Kashai, miaka arobaini na sita. Kemilembe alizaliwa Kashai na bado anaishi Kashai, miaka hamsini na miwili.

Byabato alipoambiwa, alikaa chini. Akasema huo ni wazimu wa pande mbili. Kama Kemilembe atafika arobaini, atakuwa amethibitisha mbele ya Baraza kwamba kiti ni kizima, na mteja wake amekwisha. Asipofika, atakuwa amejimaliza mwenyewe, na kwa kuwa asiye mwenyeji haruhusiwi kusimama barazani, atapoteza hata kazi. Atafute mtu mwingine.

"Nani?" Kemilembe aliuliza. "Nimchukue mwanamke gani nimwambie njoo ujaribu kama una nchi?"

Byabato aliinuka. Kabla ya kutoka alimuuliza kama anaogopa. Kemilembe akafikiri kwa uaminifu, akamwambia hapana, na kwamba hiyo ndiyo sababu inayomfanya aamini itafanikiwa.

*

Ukumbi wa Baraza ulikuwa mweupe, wenye madirisha marefu yanayotazama ziwa, na kiti kilikuwa katikati. Mwenyekiti aliitwa Ishengoma, mtu mzima mwenye staha, aliyewahi kusoma darasa moja na kaka yake Kemilembe. Wakili wa Jamhuri alikuwa Kagaruki, ambaye miaka iliyopita alijifunza kazi katika ofisi ya Kemilembe na mpaka leo alimwamkia shikamoo kabla ya kumpinga.

Kemilembe alisimama, akataja kanuni ya ulinganisho, akamtaja mwenyeji atakayejaribiwa. Kagaruki akainuka, akazungumza kwa adabu lakini uso ulikuwa umembadilika. Akasema anamkumbusha wakili mwenzake kanuni inayofuata.

"Mama, yakishaingia hayatoki," alisema.

"Nimeisoma, mwanangu."

Zainabo alikuwa amekaa ukutani. Kemilembe hakuwa amemweleza mapema, asije akakataa. Alipoelewa kinachoendelea, Zainabo aliinuka nusu, lakini karani wa Baraza akamwashiria akae, akakaa.

Fundi alimvisha Kemilembe kofia na bangili. Nyuzi zilikuwa baridi kichwani. Taa ikapunguzwa.

Ikaja harufu ya kahawa ikikaangwa. Naam, alijisemea, kahawa. Ikaja mvua juu ya mabati, ile ya mchana inayoanza kama mtu anayemwaga maharage. Ikaja kengele ya kanisa alilobatiziwa. Wakaja senene, moto, kitunguu. Alivitambua vyote haraka, kama karani wa bohari anayehakiki mzigo, na kila kimoja alikipitisha.

Mwishoni ikaja picha ya nyumba ambayo sakafu yake imetandikwa majani mabichi kwa ajili ya sikukuu, na pamoja nayo harufu yenyewe ya majani, ya kijani, yenye unyevu. Mama yake alikuwa akiyatandika hivyo kila Krismasi. Alikuwa akimwita yeye, mtoto wa mwisho, awe wa kwanza kuyakanyaga. Kemilembe alilijua jambo hilo kama anavyojua tarehe yake ya kuzaliwa. Alisubiri. Alikuwa kama mtu aliyefungua bomba, analisikia likikoroma ndani ya ukuta, na kuweka kikombe chini yake. Aliisubiri ile harufu imfikie mahali. Ilipita, taa zikarudi.

Fundi alitazama kioo chake, akakitazama tena. Akasoma kwa sauti ndogo.

"Kumi na saba."

Kagaruki akasimama kabla ya kuulizwa, akaomba matokeo hayo yasiingizwe kwenye kumbukumbu, kwa kuwa ni wazi mashine ina hitilafu, kila mtu humu ndani anamfahamu Mama Kemilembe na ukoo wake. Ilikuwa mara ya kwanza katika ukumbi ule kwa Wakili wa Jamhuri kusema kwamba kiti kinaweza kukosea. Karani akaandika maneno yake. Fundi akajibu kwamba matokeo yameshaingia, yanaingia yenyewe.

Mwenyekiti Ishengoma alivua miwani, akaishika.

"Mama Kemilembe, unajua ulichokifanya?"

"Najua, Mheshimiwa. Naomba na mwombaji asomewe uamuzi wake."

Akasomewa. Kiti kimesimamishwa. Amri ya kumwondosha Zainabo Momade, pamoja na nyingine zote zilizotokana na kiti hicho, zitasubiri uchunguzi. Mwombaji abaki nchini kwa kibali cha muda na aripoti kila wiki. Mwenyekiti akapumzika kidogo, kisha akasoma kilichobaki haraka haraka, bila kumtazama mtu: kwamba Kemilembe Rugaimukamu, kwa matokeo yaliyorekodiwa leo, si mwenyeji mpaka itakapoamuliwa vinginevyo, na masharti yaleyale yanamhusu.

Nje, kwenye ngazi, Zainabo alimngoja. Hakumshukuru. Alimuuliza kwa nini hakumwambia, na Kemilembe akakiri kwamba alihofia angekataa.

"Ningekataa," Zainabo alisema. "Lakini ile ya sauti uliniambia."

Walisimama pale kwa muda, wote wawili wakitazama magari yakipita. Kemilembe alitaka kusema jambo la kufaa. Hakulipata, na Zainabo hakulidai.

*

Nyumbani, Mzee Salapion alilia. Alilia mezani, kimyakimya, na mkewe akampa kitambaa, akamwekea mkono begani, akaungojea mwili wake mwenyewe ulie pamoja naye. Byabato alichukua kesi zote mbili na kuzifanya moja. Magazeti yakaandika siku kadhaa, kisha yakapata mengine. Watu waliokuwa na amri za kuondoshwa walifika ofisini kushukuru, na baadhi yao walimshika mkono kwa mikono miwili. Aliwapokea wote vizuri. Alikuwa kama mtu aliyekaa nyuma ya kioo kinene, anaona midomo ikisogea.

Siku ya kuripoti alikwenda peke yake, akamkuta Zainabo ameshafika, wakapanga foleni pamoja. Ilikuwa ni mara ya kwanza kwa Kemilembe kusimama upande huo wa dirisha. Foleni ilisogea polepole. Zainabo hakuwa mtu wa maneno mengi, naye pia, na hilo liliwafaa.

Karani wa dirishani alikuwa msichana aliyefanya kazi yake kwa haraka na bila ubaya. Hakumtambua. Aliuliza jina, Kemilembe akalitaja. Mahali pa kuzaliwa, Bukoba. Makazi ya sasa, Kashai, Bukoba. Shughuli, akasema hana kwa sasa. Vidole vya karani vilipita juu ya kioo bila kusimama.

"Nchi ya kurudishwa?"

"Samahani?"

"Uamuzi ukitoka kwamba uondoke, urudishwe wapi? Ni lazima nijaze."

Kemilembe alikuwa amewasaidia watu wasiohesabika kujaza sehemu hiyo. Ilikuwa nyepesi kuliko zote, ilichukua neno moja.

"Hapa," alisema.

"Hapa ndipo utakapoondolewa, mama. Nauliza utakapopelekwa."

"Hapa," alirudia. "Bukoba. Hapa hapa."

Karani akainua macho kwa mara ya kwanza. Nyuma ya bega lake palikuwa na dirisha, na nje yake palikuwa na mtaa wa kawaida, mwanamke akipanga parachichi kwenye meza, kijilima, mawingu yanayojikusanya. Kemilembe aliutazama mtaa ule. Akatafuta kichwani jina la mahali pengine popote duniani ambapo angeweza kupelekwa, na hakupata hata mahali pamoja, na ghafla moyo ukampiga kwa nguvu mpaka akausikia masikioni. Viganja vikalowa. Alitaka kusema neno, badala yake akashika ukingo wa dirisha kwa mikono yote miwili. Hakuwa na kofia kichwani wala bangili mkononi.

Zainabo alimshika kiwiko kutoka nyuma.

"Pumua, mama wakili," alimwambia. "Polepole."

Karani aliwatazama wote wawili, akasita. Kisha akajaza pale mahali kwa neno haijulikani, akamwita anayefuata.